Kompyuta Sita, Skrini Moja

Nina shahada ya kompyuta. Naanza na hilo kwa sababu hapa Lushoto kila mtu huanza na hilo anapotaka kunicheka. "Graduate, njoo unitolee matangazo kwenye simu." "Graduate, redio yangu inakoroma." Miaka minne nimepeleka vyeti kila ofisi yenye mlango, na nyuma ya kila mlango nimemkuta mpwa wa mtu. Wanataka experience ya miaka mitano. Niipatie wapi, tumboni?

Kwa hiyo Mama Yudith aliponipigia Jumatano, akasema ana kompyuta mpya sita za kuwekewa kila kitu, na kwamba akiridhika ataniajiri, sikuuliza maswali.

Ataniajiri. Nililisikia neno hilo tu.

Mama Yudith ana duka la stationery pale mjini. Mpelekee kitabu cha kurasa mia tatu jioni, asubuhi unakuta kimechapwa, hakina kosa. Mitihani ya shule nzima, usiku mmoja. Makarani wake hakuna aliyewahi kuwaona. Watu walisema, "Ana bidii yule mama." Bidii! Nchi hii mtu mmoja akitoa kazi ya watu sita tunampigia makofi. Hatuulizi wale sita wako wapi.

Nyumba yake iko juu ya kijiji cha Vuga. Stephano, dereva wa bodaboda, alinishusha kwenye mikaratusi, chini ya kilima.

"Graduate, mimi naishia hapa."

"Nyumba si ile kule? Bado mita mia tatu."

"Naiona."

"Sasa?"

"Pikipiki yangu haipandi pale."

"Haipandi yenyewe, au hupandi wewe?"

"Wote wawili," akasema, akageuza. Hakucheka.

Adhana ya magharibi ilikuwa inapanda kutoka bondeni, nusu yake inamezwa na ukungu. Nilipanda na begi langu: bisibisi, flash mbili, na diski yenye programu zangu zote. Watu wanadhani kompyuta mpya ni kama redio, unachomeka inaimba. Kompyuta mpya ni sanduku tupu. Inataka Windows, inataka driver, inataka programu ya kuandikia, ya kusomea PDF, antivirus, printa itambulike, UPS ili umeme wa hapa usiiue. Hayo ndiyo niliyosomea. Hayo ndiyo ninayotolea jasho kwa ahadi.

Mama Yudith alikuwa amesimama mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mussa." Akaongeza habari kwa Kisambaa: "Mbui zize?"

"Ni vyedi, mama."

"Basi ingia. Giza linatuwahi."

Akanipeleka chumba cha nyuma. Taa moja, dirisha limezibwa kwa mbao. CPU sita mpya zimepangwa ukutani, kila moja na kibodi yake na mausi yake, juu ya mikeka sita. Hakuna meza wala kiti.

Na skrini ilikuwa moja.

"Mama, skrini zimepungua tano."

"Hazijapungua."

"Watumiaji wataonaje wanachoandika?"

"Hiyo moja ni yako, ya kufanyia kazi. Ukimaliza ya kwanza, hamishia ya pili. Mpaka ya sita. Kisha uifungashe."

"Lakini..."

"Wewe umesomea kompyuta au umesomea maswali?"

Nikafungua begi. Kazi, Mussa. Kazi.

"Jambo jingine," akasema, sauti imeshuka. "Intaneti uizibe kabisa. Barua pepe, kila kitu. Wasiweze kuandika kwenda nje. Wale wa mwanzo walinisumbua sana. Waliandika barua."

"Kina nani, mama?"

Akafunga mlango nyuma yake.

Nilifanya kazi. Nilipiga Windows, nikaweka driver, nikaweka programu, nikahamisha skrini, nikaanza upya. Chumba kilinuka plastiki mpya na boksi. Ndivyo kilivyonuka mwanzoni. Nilipofika ya nne kulikuwa na harufu nyingine chini yake... udongo. Udongo mbichi, uliochimbwa leo. Nikajiambia ni shamba la nyuma. Ukiwa huna kazi unajifunza kujieleza mambo.

Ya sita nikamaliza. Nikaziba intaneti. Nikachomoa skrini, nikaiweka kwenye boksi lake, nikainama kutafuta gundi ya karatasi.

Ta.

Nikageuka. Kimya.

Ta-ta. Ta-ta-ta.

Kibodi ya kwanza. Kisha ya tatu. Kisha zote. Vitufe vilikuwa vinashuka na kupanda, mbio, kama mvua juu ya bati. Mikeka ilikuwa imebonyea. Sita. Kila mmoja ulikuwa na shimo la mtu aliyekaa.

Na mimi niko katikati yao, na gundi mkononi.

Ningekimbia pale pale, lakini kulikuwa na kitu masikioni mwangu. Ile ya sita. Ta-ta-ta-ta DUM. Ta-ta-ta DUM. Mtu anayepiga kitufe cha nafasi kana kwamba anakigombeza.

Duniani nilimjua mtu mmoja tu aandikaye hivyo. Idrisa. Tulisoma darasa moja, tukalala chumba kimoja miaka mitatu, na kila usiku nilimrushia kiatu aache kelele. Aliugua siku tatu, mwaka jana mwezi wa tatu. Tulimzika wenyewe. Nakumbuka jeneza lilikuwa jepesi mno, tukasema maradhi yamemmaliza.

Nilitoa skrini kwenye boksi. Pini za waya zikakataa kuingia, nikazitukana, zikaingia. Nikaichomeka kwenye ya sita.

Ukurasa ulikuwa unajaa.

*YAH: MAOMBI YA KAZI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 28...*

Amekufa. Amekufa, na bado anaomba kazi!

Sijui hasira gani ilinipanda. Nilisahau kuogopa. Nilinong'ona, "Idrisa. Ndugu yangu. Acha kuomba."

DUM.

Vitufe vya ile ya sita vikasimama. Zile tano zikaendelea. Kisha polepole, herufi moja moja:

*mussa*

*muulize mama yangu kwa nini alitia dole*

Mlango ukafunguka.

"Nilikwambia uifungashe," Mama Yudith akasema. Wala hakuwa na hasira. Alikuwa na bahasha mkononi, na kwa mguu alikuwa anasukuma boksi. Ndani yake nikaona kibodi. Mausi. Mkeka wa saba, umekunjwa.

"Hawa ni nani?" nikauliza.

"Vijana wasio na kazi. Mjini mnawaona wanakaa vijiweni, mnapita. Mimi nimewapa kazi." Akaninyooshea bahasha. "Na wewe umeifanya vizuri. Umeajiriwa."

Nitasema ukweli, maana sina tena wa kumwonea aibu. Sikukimbia. Niliifungua ile bahasha kwanza. Niliisoma! Afisa TEHAMA Daraja la Kwanza. Muhuri. Jina langu lote kwa herufi kubwa. Kuanza kazi: Jumatatu, jua likizama. Muda wa mkataba: hauna ukomo. Miaka minne nimeiota barua ile, na kwa sekunde mbili, wallahi, nilifurahi.

"Tia saini," akasema.

"Sitii."

"Si lazima. Mdhamini wako ameshatia dole."

Barua ikanitoka mkononi.

Hapo ndipo nilipokimbia. Begi nililiacha, diski niliiacha. Nilishuka kile kilima kwa makalio na viganja, na nyuma yangu zile kibodi zilikuwa zinaita, zinaita, mpaka ukungu ukazifunika. Barabarani hapakuwa na Stephano. Nilitembea hadi nyumbani, saa mbili nzima, na njia yote nilikuwa nasema jambo moja: si mama. Si mama yangu.

Alfajiri nilimkuta mama jikoni, anachochea moto.

"Umerudi, baba? Umepata?"

"Mama, kuna mtu alikuja hapa na karatasi?"

Uso wake ukang'aa. Sikuwa nimeuona uking'aa hivyo tangu mahafali yangu.

"Juzi. Mama Yudith mwenyewe, mpaka hapa jikoni. Akasema kila mwajiriwa lazima awe na mdhamini, tena wa damu. Nikatia dole. Nimeshamwambia jirani, nimeshamwambia mjomba wako. Waache kukucheka."

"Mama, ulisomewa kilichoandikwa?"

Akageukia moto. Akasogeza kuni moja. Akaitoa. Akairudisha.

"Alinieleza."

"Alikueleza nini?"

"Kwamba utakuwa karibu. Hutakwenda mjini ukapotea kama watoto wa watu." Akapuliza moto. "Na kwamba hutalia tena usiku. Mimi nakusikia, Mussa. Ukuta wenyewe ni udongo tu. Miaka minne nakusikia."

"Mama. Ulijua ni kazi gani?"

"Kazi ni kazi, mwanangu."

Hakuniangalia. Nilimkasirikia mpaka meno yakauma. Kisha nikamtazama mgongo ule, uliolima makabeji ya kunisomesha, na sikujua tena nimkasirikie nani. Ningependa kumjua. Ningempiga.

Kesho yake nilikwenda kwa mama yake Idrisa. Niliuliza lile swali, mlangoni, bila hata kuketi. Akanifungia mlango taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto.

Leo ni Jumapili. Naandika haya kwa kalamu, kwenye daftari, kwa sababu kompyuta siigusi. Sheikh nimemwona, kanisomea dua, akasema niswali na nisitoke nje jioni. Sawa. Sitatoka.

Lakini sasa hivi mama ameingia, ametundika nguo kwenye msumari karibu na kitanda. Imepigwa pasi, bado ina joto la makaa. Nyeupe, mpya.

Nimeitafuta mikono, nikatafuta na mshono. Haina.