Nusu Saa ya Fanuel

Siku ya tisa sasa, kila asubuhi Anande alifika hospitali na chupa ya mtori wa ndizi ambao mumewe hakuweza kuunywa. Fanuel, mpuliza tarumbeta wa kanisani Olasiti, alilazwa na wagonjwa mahututi kwa nimonia kali. Mpira wa hewa ulikuwa kooni, mashine ikimsaidia kupumua.

Anande hakutulia. Alikaa, akainuka, akasokota ncha ya kitenge.

"Leo tunamjaribu tena kupumua mwenyewe, nusu saa," alisema nesi Faudhia.

"Hapana, sista! Jana dakika kumi tu akatota jasho. Shemeji Philemoni kaniambia, mnataka kuzima mashine mpate kitanda!"

"Kumbe shemeji ni daktari?"

"Ni fundi matairi."

Faudhia alibana kicheko. "Dada, hatuzimi mashine. Tunaipunguzia kazi ili yeye aongeze yake. Misuli ya kupumua ikikaa bure, inalegea. Na mpira ukikaa muda mrefu, mapafu yanaweza kupata maambukizi mapya."

"Na jana?"

"Alichoka, tukamrudishia msaada, akapumzika. Leo yuko macho, homa imeshuka. Hebu niambie, akikaa mwezi bila tarumbeta, anarudi na wimbo mzima?"

Anande aliachia kitenge. "Anaanza na sauti fupifupi. Majirani wanafunga madirisha."

"Basi na pumzi ni hivyo hivyo. Kaa naye. Ila usihangaike mbele yake. Akiona hofu yako, atahema mbio."

Faudhia akapunguza msaada wa mashine. Kifua cha Fanuel kikapanda, kikashuka. Dakika ya kumi, Anande alitaka kuruka. Akajibana kitini. Akagusa paji la mumewe: kavu! Akaanza kumgonga kiganjani kwa kidole, polepole, kama bendi inayopima mwendo kabla ya wimbo. Faudhia hakubandua macho kwenye kioo cha mashine. Dakika ishirini. Thelathini.

Daktari aliitwa, akampima. Fanuel alifuata maelekezo, akakohoa kwa nguvu. Daktari akautoa mpira, nesi akamvisha barakoa ya oksijeni. Hewa iliingia, na safari hii aliivuta mwenyewe.

"Mtori," alikwaruza Fanuel.

Anande akadaka chupa.

"Bado!" Faudhia alimzuia. "Kwanza tuhakikishe anameza bila kupaliwa."

Anande akatoka nje mbio, akapiga simu.

"Shemeji, wewe baki na matairi yako. Kaka yako anapumua mwenyewe, na ameshaanza kudai chakula!"