Sabufa Zito la Abdulrazaki

Sabufa lile lilikuwa zito kuliko ukubwa wake, na badala ya kumtia shaka Abdulrazaki, uzito huo ndio uliomfurahisha. Sisi watu wa Singida mjini hatuchagui sabufa kwa masikio, tunachagua kwa mgongo. Jepesi ni feki, zito ni la kweli, na anayesema vingine tunamwona mshamba. Abdulrazaki aliuza mafuta ya alizeti, mtu wa kunyanyua madumu tangu utoto, kwa hiyo alipita dukani akinyanyua moja baada ya jingine kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. Nyumbani TV ilikuwepo na spika ndogo nne zilikuwepo. Sabufa la zamani tu ndilo lililoungua.

"Bosi, chukua hili jipya," muuzaji alimwambia. "Lina rimoti, lina garantii ya mwaka."

"Hili boksi tupu. Lile kule chini je?"

Muuzaji alisita. "Lile la mtumba. Sijalijaribu hata mimi."

Abdulrazaki alilinyanyua kwa taabu, akalitua, akacheka. "Hapa ndipo penye sumaku! Sumaku kubwa, besi kubwa!" Hakungoja hata lichomekwe kwenye umeme. Mchagua nazi hupata koroma, lakini siku ile nani angemwambia?

Mkewe, Hanifa, alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili zilizotangulia ziliharibika, zote bila dalili, mtoto alinyamaza tu tumboni na habari ikaishia hapo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Hanifa alikuwa haondoki kitandani asubuhi mpaka mtoto acheze, hata kama chai ilikuwa inamngoja.

"Mume wangu," alisema alipoona mzigo ule sebuleni, "kitu cha mtumba hujui kimetoka nyumba ya nani. Tukisomee dua kwanza."

"Tulisomee dua redio, Hanifa? Majirani watatucheka."

Akaliwasha. Besi yake ilipita sakafuni, ikapanda miguuni, vikombe vikatetemeka kabatini. Abdulrazaki alifurahi kama mtoto siku ya Idi. Hanifa alisikia harufu ya udongo uliotoka kufukuliwa, akafungua madirisha, na upepo wa Singida ulivyo mkali ukaingia wote lakini harufu isitoke.

Ijumaa mchana Abdulrazaki aliweka mawaidha. Sauti ya mtu mmoja, bila ngoma wala kinanda. Sabufa likapiga. Du, du, du, polepole, chini ya maneno ya Mungu. Alipunguza sauti, likapiga. Alizima TV, likapiga. Alipochomoa waya ukutani, kitambaa cha mbele kiliendelea kupanda na kushuka, na yeye akasimama na ule waya mkononi.

Alimwita Fredrick, fundi redio wa mtaani. Fredrick alifungua skrubu, akachungulia, akaingiza mkono na kupapasa.

"Kaka," alinong'ona, "sumaku hii hapa, ndogo kama kifuniko cha chupa ya chai. Humu ndani hamna kitu kingine. Sasa huu uzito ni wa nini?"

Walilibeba wote wawili mpaka stoo ya uani, kati ya madumu ya mafuta, wakafunga kwa kufuli. Fredrick aliondoka bila kuaga, bisibisi yake akaiacha hapo hapo.

Kesho yake mtoto hakucheza.

Hanifa alilala kwa ubavu wa kushoto, akanywa maji baridi, akaimba, akalia. Kule zahanati, muuguzi Selina aliinamisha sikio tumboni kwa muda mrefu, akamwita mwenzake naye akasikilize, kisha akasema kwa upole, "Mama, nenda hospitali sasa hivi. Usipite popote." Lakini Hanifa alipita nyumbani kuchukua khanga, na alipokuwa akivuka ua, stoo ikapiga. Du, du, du. Mtoto akaruka tumboni kwa nguvu, akaruka tena, na Hanifa akapiga magoti mbele ya mlango uliofungwa, akishukuru, bila kujua anamshukuru nani.

Hospitali hakwenda. Alihamishia mkeka stoo.

Abdulrazaki aliomba, akagomba, akaapa kuliteketeza lile boksi kwa moto. Kila alipolisogeza, mtoto alitulia na Hanifa akapiga kelele kama anayechinjwa. Mfa maji haishi kutapatapa: alimpigia simu mama mkwe wake, Bi Sijaona, huko Ilongero. Bi Sijaona alifika na bodaboda siku ya pili, nyuma yake akiwa na Maalim Mrisho, msomaji wa dua za kufukuza majini, na mkoba wake.

"Shikamoo mama, shikamoo Maalim," Abdulrazaki alisema.

"Marahaba. Yuko wapi mwanangu?"

Jua lilikuwa linawaka bado Maalim alipoanza kusoma mle stoo, na ubani ulipopanda, ile harufu ya udongo ilipanda nayo, na kadiri Maalim alivyopaza sauti ndivyo besi ilivyozama, ikawa ya mbali, ikawa kama mtu anayegonga kutoka chini ya ardhi, na madumu yakaacha kutikisika moja moja, na Hanifa, ambaye alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili, alimsikia mtoto naye anakwenda mbali, anapungua, anapungua kama wale wawili walivyopungua, mpaka akashindwa kuvumilia.

"Nyamaza Maalim! Mwanangu anazimika!"

Maalim alinyamaza. Alijifuta uso, akaongea kwa sauti ya chini, na ilionekana wazi kwamba naye anaogopa. "Binti yangu, hicho kinachocheza sijui kama ni mwanao. Nikimaliza kusoma, huyu anatoka. Nikiachia njiani, mimi sirudi tena hapa. Semeni wenye nyumba."

Bi Sijaona alilia, "Hanifa, mwache atoke! Mungu atakupa mwingine!"

"Wangapi, mama? Amenipa wangapi?"

Wote walimgeukia Abdulrazaki. Alifungua mdomo, akaona macho ya mkewe, akaufunga. Alimpenda, na aliogopa, na hakujua lipi kati ya hayo limemziba kinywa.

Hanifa alijivuta mpaka kwenye lile boksi, akaliegemezea kichwa.

"Karibu," aliliambia kwa adabu, kama anavyopokelewa mgeni. "Karibu ukae. Mtoto wangu acheze tu."

Besi ikarudi. Maalim Mrisho alikusanya vitu vyake, akamshika Bi Sijaona mkono, wakatoka bila kugeuka nyuma.

"Anacheza!" Hanifa alicheka huku machozi yanamtoka. "Njoo baba yake, weka mkono. Njoo!"

Abdulrazaki alipiga magoti, akaweka mkono. Tumbo lilitikisika mara moja, mara mbili, kisha likatulia. Halafu kutoka ndani, chini ya ngozi ya mkewe, mkono mwingine ukaja ukagusana na wake, kidole kwa kidole. Ulikuwa mpana kuliko wa kwake.

"Umemsikia?" Hanifa aliuliza.

"Nimemsikia," alijibu, na hakuthubutu kuondoa mkono.