Majibu Aliyoyapenda Luqmani

"Hidaya, majibu yako yamenifurahisha mno," Luqmani alisema kwenye spika ya simu. "Sasa naoa nikiwa na uhakika."

Hidaya alicheka kwa aibu. Alikuwa amewekwa ndani, kwao Mlali, viganja vyote viwili vina hina mbichi. Ndoa keshokutwa. Asubuhi mchumba wake alimtumia linki ya jaribio la tabia za wanandoa. Utafiti wa chuo, alisema, na majibu hayana majina. Hidaya hata hakuisoma. Somo yake, Mwaisha, aliyekaa naye humo akimfunda mambo ya ndoa, ndiye aliyeshika simu akamjazia yote.

"Si ulisema hayana majina?"

"Ya wengine. Yako nimeyawekea alama."

"Kwa nini?"

"Mpenzi, mdomoni kila mwanamke mpole. Mtandaoni, akidhani hajulikani, ndipo anasema kweli. Yule mchumba wa Turiani alijibu mume akimpiga atarudi kwao. Nikamwacha."

Hidaya aliduwaa. Jamani, huyu ndiye mwanaume aliyempenda hadi chakula kikawa hakipiti!

"Na mimi nilijibu nini?"

"'Nitanyamaza. Nitapaka poda nipokee wageni. Mama akiuliza, nitasema nimeanguka.'" Alisoma taratibu, kwa raha zake. "Mke kama wewe haokotwi njiani."

"Kwa hiyo utanipiga?"

"Sijasema hivyo. Nimesema najua utakachofanya."

Hidaya alitaka kulia, hasira ikatangulia.

"Luqmani, hayo si yangu. Nilikuwa na hina. Alijaza somo."

"Acha utani, Hidaya."

"Waambie watu wako wasije. Hunioi!"

"Hidaya, nisikilize..."

"Somo, kata simu."

Mwaisha hakusogea. Hidaya akaibonyeza simu mwenyewe kwa kiwiko.

"Somo, ndivyo unavyotufundisha sisi wanawali wako? Tupigwe tunyamaze?"

"Hapana, mwali wangu." Mwaisha alivuta kanga hadi usoni. "Waliandika, jibu kweli, jina halitakiwi. Nikajibu ya kwangu. Miaka yote hakuna aliyewahi kuniuliza."

Hidaya alimtazama yule mama aliyekuwa akimfunda siku zote hizo kwa vicheko na nyimbo. Machozi yakamtoka, ya Luqmani na ya somo, hakujua yapi ni yapi.

"Mjomba!" aliita kwa sauti, uani wote wakasikia. "Wanaofunga turubai waambie wafungue. Kisha njoo na mama. Somo leo harudi kwa mumewe."