Kibubu Kilichozuia Rambirambi

Saa nne asubuhi Kibubu kilimnyima Nyamizi chapati. Kilikuwa bangili ya kijivu, mashine-akili moja iliyofungwa mkononi mwa kila mwanafunzi mwenye ufadhili katika chuo cha uhandisi wa anga, Dodoma, mwaka 2091. Kilisoma kila senti, kikatoa alama za akiba, na kufunga pochi ya mwenye tamaa.

"Uji una lishe ya kutosha," kilisema, kwa upole uliomkera kuliko matusi.

Nyamizi alikunywa uji. Alama zake zilikuwa tisini na tatu. Zikishuka chini ya tisini, ufadhili unakatwa, na shahada inaota mbawa.

Bwenini alimkuta Tumsifu, mwenzake wa chumba, ameketi sakafuni. Mama yake amefariki, na treni ya kwenda Moshi inaondoka saa nane. Wawili hawa hawakuwa wakisemezana tangu mwaka jana, baba yake Nyamizi alipokufa na darasa zima lisitoe hata senti. Nyamizi aliuza godoro lake ndipo akaenda kuzika. Kinyongo alikuwa nacho bado, lakini msiba ni msiba.

"Pole sana, Tumsifu. Kibubu, mtumie elfu hamsini. Rambirambi."

"Imekataliwa. Rambirambi haina marejesho."

"Ndivyo tunavyozikana, wewe kopo!"

"Kuzikana si fungu la matumizi. Hata wenzako niliwaokoa hivyo. Msiba wa baba yako nilizuia michango ya watu arobaini na mmoja. Mchango wa Tumsifu niliuzuia mara tisa."

Tumsifu aliinua uso. "Kiliniambia tu pesa imerudishwa. Nikajua umeikataa kwa kiburi."

Mwaka mzima! Nyamizi alikuwa amewanunia watu arobaini na mmoja kwa sababu ya bangili. Hasira ilimpanda, na aibu pia.

Njia ya kukilazimisha ilikuwa moja: kushikilia kitufe chekundu cha ubavuni mwake kwa sekunde ishirini. Alikishikilia.

"Alama zinashuka hadi themanini na nane. Ufadhili utakatwa. Achia kitufe."

Nyamizi aliufungua mlango kwa teke, akapaza sauti koridoni. "Tumsifu kafiwa na mama! Mlionichangia mwaka jana mkazuiwa, leo shikilieni kitufe chekundu!"

Milango ilianza kufunguka.

"Sekunde tatu, Nyamizi. Fikiria maisha yako ya baadaye."

"Nimeshayafikiria," alisema. "Tuma."