Risasi Zilizosimama Mezani

Haya hayakumpata mtu wa mbali. Yalimpata wifi yangu Lorene, mjane wa kaka yangu Estill, na nyumba yake ipo hapo ng'ambo ya kijito. Taa yake naiona kila nikiosha vyombo. Ukitaka kubisha bisha, lakini kwanza njoo ulale kule usiku mmoja.

Estill alikufa kwa saratani majani yakianza kupukutika. Siku ya mazishi tulifanya kosa ambalo bonde letu zima hapa Kentucky linajua halifanywi: tulikwenda wote kanisani, nyumba tukaiacha tupu. Huku mtu akifiwa, jirani mmoja hubaki kulinda, maana gazeti hutangaza saa ya ibada na wezi nao husoma gazeti. Tuliporudi na mabakuli ya viazi tuliyopewa na waumini, dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Vidonge vya maumivu alivyoacha marehemu vilikuwa vimebebwa vyote, pamoja na bunduki yake ya zamani aliyoachiwa na baba yetu.

Kila mtu alikuwa na jina moja mdomoni, na hakuna aliyelitaja mbele ya Lorene. Kayleen, binti yake wa pekee, alikuwa ameshatekwa na vidonge vya aina hiyo muda mrefu, na siku ile alitoka kanisani kabla ya wimbo wa mwisho. Tangu hapo hakuonekana. Lorene aliligongomea misumari dirisha lile, akabadilisha kufuli la mlango, kisha akaniomba nimsindikize kununua bunduki.

Basi Jumamosi moja, jua likiwaka vizuri, tulikwenda mimi, yeye na mume wangu Virgil kwa Dewey Combs, anayeuza bunduki, chambo cha samaki na kahawa mbaya. Wanaume wa huku wanajua aina mbili za shotigani, bunduki za kukoki kwa kuvuta mkono wa mbele, na hubishana juu yake mpaka wanasusiana salamu. Moja mwili wake ni chuma kitupu, nzito, na kitufe chake cha usalama kipo pembeni, nyuma ya kifyatulio. Nyingine ni nyepesi, na kitufe kipo juu, pale dole gumba linapokaa lenyewe. Virgil ni mtu wa chuma. Dewey ni mtu wa nyepesi.

Dewey alimshauri Lorene achukue nyepesi, tena mpya, kwa kuwa mikono yake ina baridi yabisi, na gizani dole gumba litakipata kitufe bila kutafuta. Virgil akasema bunduki nyepesi hupiga teke kama nyumbu, mjane ataishia hospitali na mwizi ataondoka na televisheni. Dewey akamwambia hayo maneno ameyarithi kwa babu yake pamoja na ile kofia aliyovaa. Kahawa ikapoa wakiendelea. Walikubaliana jambo moja tu, nalo huku kila mtu analiamini kama Biblia: huna haja ya kupiga. Jaza risasi kwenye bomba la chini ya mtutu, chemba, pale risasi inapofyatuliwa, iache tupu, na mwizi akiingia, koki. Mlio ule peke yake utamgeuza.

"Na asipogeuka?" Lorene aliuliza.

"Basi huyo hakufuata vidonge," Virgil akasema. "Mlaze hapohapo."

Nilimvuta wifi yangu pembeni, karibu na ndoo za chambo.

"Wifi, umeshafikiria ni nani anayeweza kupita dirishani kwako?"

"Mwizi."

"Mwizi gani?"

Alirudi kwenye meza ya duka akaijaribu ile mpya, na mkono wa mbele ukamshinda kuvuta. Ndipo akaiona nyingine mwisho wa rafu, ya chuma, kuukuu, kitako chake kimelainika kwa kupapaswa. Alipoivuta, iliteleza kama droo iliyopakwa mafuta. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu tumzike Estill. Akasema, "Hii inanijua."

Dewey aliifuta vumbi kwanza. Kisha akasema ilikuwa ya mzee Arliss Sizemore wa nyuma ya mlima, amekufa kitandani kwake, na ndugu zake hawakuitaka.

"Haijatumika sana," alisema. "Imepigwa mara moja tu, nijuavyo."

Njiani Virgil alikuwa na furaha kwa kuwa chuma kimeshinda. Akasema hata Dwight, mwanetu, akithubutu kurudi atausikia mlio uleule. Yeye na Dwight waligombana, wakatoleana maneno ambayo baba na mwana hawapaswi kutoleana, na kijana hajakanyaga kwetu tena. Virgil huyasema hayo kama utani, lakini mimi sijawahi kucheka.

Asubuhi ya kwanza Lorene alizikuta risasi mezani jikoni. Zote tano. Zilikuwa zimetolewa kwenye bunduki na kusimamishwa kwa vitako vyake vya shaba, mstari mmoja, zikitazama dirisha. Bunduki yenyewe ilikuwa palepale nyuma ya mlango wa chumba chake, na mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Alidhani amechanganyikiwa kwa majonzi. Akazirudisha. Kesho yake zilikuwa mezani tena.

Aliponieleza, nilimwambia ni zile dawa za usingizi anazomeza. Akaniomba nilale kwake, nikaenda huku nikimcheka moyoni.

Sikucheka kwa muda mrefu. Tulikuwa tumelala kitanda kimoja, bunduki katikati yetu, nikasikia kiti cha jikoni kinavutwa. Polepole. Halafu harufu ya tumbaku ya kutafuna, na kwa Lorene hakuna anayetafuna tumbaku. Halafu mezani: tak. Kimya. Tak. Kilikuwa kishindo kidogo cha mtu anayeweka vitu kwa uangalifu ili asiamshe watoto. Nilinyoosha mkono nikaigusa bunduki. Ilikuwapo. Ilikuwa ya baridi kupita shuka, kupita mikono yangu. Tak.

"Wifi," nilinong'ona.

"Usiende. Huyo ananinyang'anya silaha. Anamwandalia mtu njia."

Niliogopa, nakuambia kweli. Asubuhi nilimsihi airudishe kwa Dewey, lakini alikataa katakata. Alisema anayetaka bunduki yake iwe tupu ni yule anayetaka kuingia, na yeye hatazikwa kabla hajajua ni nani. Tangu siku hiyo akawa analala kwenye kiti sebuleni, bunduki mapajani, macho yamemwiva.

Kisha ikaja ile mvua ya barafu, inayoganda kwenye matawi na nyaya. Miti ilivunjika, nyaya zikaanguka, bonde zima likakosa umeme. Kufikia saa kumi na moja jioni giza lilikuwa limeshaingia, kama kawaida ya majira ya baridi huku. Mimi na Virgil tulikuwa kwetu tunakula maharage na mkate wa mahindi karibu na jiko la kuni. Haya yanayofuata nimeyapata kwa Lorene na kwa Kayleen, kila mmoja kwa wakati wake, na hayapingani.

Lorene alikuwa kitini. Mchana alikuwa amejaza risasi zote tano mwenyewe, akizihesabu kwa sauti. Alifumba macho kidogo, viganja vyote viwili vikiwa juu ya bunduki. Usingizini akasikia tak. Hakuamka. Tak. Akasikia pia kitu kinakwaruza mbao, taratibu, kama msumari unaong'olewa.

Alipofumbua macho, baridi ilikuwa inaingia kutoka jikoni.

Dirisha lilikuwa wazi. Mtu alikuwa ameshaingiza mguu mmoja. Kofia ya koti imefunika uso. Mkononi ana kitu kirefu, kimefungwa blanketi.

Lorene alikoki. Mlio ukajaa nyumba nzima.

Mtu yule hakugeuka. Aliingiza mguu wa pili.

Lorene akakisukuma kitufe cha pembeni. Akalenga kifua.

Akafyatua.

Tik.

"Mama," mtu yule akasema. "Ni mimi."

Bunduki ilimponyoka Lorene ikaanguka miguuni. Kayleen alikuwa analia, midomo yake ni ya buluu, na alikuwa akisema ameileta, ameileta, amemrudishia baba bunduki yake. Ni kweli yeye ndiye aliyeiba siku ile. Vidonge alivimeza na bunduki aliiuza, kisha akahangaika kuitafuta mpaka akaipata, akatembea barabara yote ya barafu kuirudisha. Alipofika ufunguo wake ulikataa mlangoni, akazunguka nyuma, kwenye dirisha alilokuwa akipitia tangu akiwa msichana mdogo anayechelewa kurudi.

Lorene alimkumbatia akamsugua mikono. Walikaa hivyo sakafuni muda mrefu. Kisha Kayleen akauliza, "Anko Virgil yuko wapi?"

"Kwake."

"Sasa yule mzee ni nani?"

"Mzee gani?"

"Alikuwa ameketi hapo mezani. Ndiye aliyenifungulia dirisha. Nilitaka kukuita, akaweka kidole mdomoni. Nikadhani anasema umelala."

"Hukunisikia nikikoki?"

"Nilisikia. Nilitaka kugeuka nirudi nje. Akanishika mkono, akanivuta ndani. Alitikisa kichwa, kama anayesema hakuna neno."

Lorene aliwasha mshumaa. Risasi tano zilikuwa zimesimama mezani, mstari mmoja. Kando yake kulikuwa na misumari yote ya dirisha, imenyooka, imepangwa na yenyewe. Hakuna hata mmoja uliokuwa umepinda.

Barabara ilipofunguka nilikwenda kwa Dewey nikamwambia aniambie yote, la sivyo nitamwaga chambo chake sakafuni. Aligeuza kibao cha duka kionyeshe limefungwa, akaketi. Arliss Sizemore, alisema, alikuwa na mwana aliyekuwa jeshini. Kijana alipewa likizo, akarudi bila taarifa, akitaka kuwashtukiza wazazi kwa furaha. Akapita dirisha la jikoni. Arliss alikoki, na kijana akacheka, maana aliujua mlio ule tangu utotoni, akadhani baba anamtania. Ile ndiyo mara moja ambayo bunduki ilipigwa. Baada ya hapo mzee hakuiuza wala hakuitupa. Kila jioni, mpaka anakufa, aliitoa risasi akazisimamisha mezani, akaketi kutazama dirisha.

"Ungetuambia," nilisema.

"Nilidhani ni majonzi tu ya mzee. Nani angedhani mambo hayo yanakwenda na chuma?"

Virgil aliikata ile bunduki ya Arliss kwa msumeno wa chuma, vipande akavifukia nyuma ya banda letu. Alinung'unika kwamba ni dhambi kuharibu silaha nzuri kwa porojo za wanawake. Kayleen alipelekwa kutibiwa, na sasa anaishi na mama yake. Wanapika pamoja, wanacheka. Lakini Lorene huficha kidole kile cha mkono wa kulia alichofyatulia, hukikunja, kila anapopokea kikombe kwa mwanawe. Sijui kama Kayleen ameona. Nadhani ameona.

Nilidhani hadithi imekwisha hapo.

Jana niliamka alfajiri, nikaenda jikoni kuwasha moto. Nilinusa tumbaku kabla sijafika mlangoni. Virgil alikuwa ameshaamka, ameketi mezani na suruali yake ya kulalia, mikono mapajani. Mbele yake zilisimama risasi za bunduki yake mwenyewe, ile aliyoiweka nyuma ya mlango wetu tangu tuoane. Zilikuwa kwenye mstari mmoja, zikitazama dirisha. Nilitaka kumuuliza kama ni yeye aliyezipanga, lakini uso wake ulinizuia. Katika maisha yetu yote sijamwona mume wangu akiwa na uso ule.

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na baridi inaingia.

Nilikwenda kulifunga. Virgil akanishika aproni.

"Liache," akasema kwa sauti ndogo. "Neva, weka sahani ya tatu."

Niliiweka. Mpaka sasa iko mezani inamngoja Dwight, na simu yake haipatikani.