Akaunti Isiyo na Jina

Kho.

Kikohozi kimoja, kikavu, kikatoka kwenye spika za kompyuta. Fauzia akaacha kuchapa. Shemeji yake, Severini, alikuwa uani akitia mafuta kwenye jenereta. Sebuleni hapakuwa na mtu mwingine.

Ulikuwa msimu wa korosho, mwaka 2007, pale Ruangwa, na giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia. Fauzia aliitwa kwa kazi ndogo. Akaunti ya Severini ilikuwa imeharibika: kila akiingia, mashine inamfungulia kioo kitupu, kama mgeni ambaye hajawahi kukaa kwenye kiti kile. Dawa yake Fauzia aliijua tangu chuoni. Unafungua akaunti mpya, unahamishia mafaili ya zamani, ile mbovu unaifuta.

Lakini alikuja na lake moyoni.

Miaka miwili nyuma dada yake, mke wa Severini, alikutwa amekufa ndani ya stoo ya salfa, ule unga wa kupulizia mikorosho. Severini akasema ni pumu. Wanawake waliomwosha walisema kucha zake zilijaa vibanzi vya mlango.

Kwenye ukoo wao, mgane humwita mkewe kwa jina, kwa sauti, ndipo mkeka wa msiba ukunjwe. Severini hakumwita. Alisema "marehemu". Alisema "yule". Wazee walijua sababu: aliyemtendea marehemu ubaya alipokuwa hai, akimwita, huitikiwa. Na huko Mbekenyera mama yao bado alilala chini, juu ya mkeka uleule.

Severini akaingia akifuta mikono.

"Vipi, shemeji, inapona hiyo, au niitupe?"

"Imeshapona. Kaa, uchague akaunti yako."

Kwenye kioo palikuwa na picha tatu. Severini. Severini Mpya, ambayo Fauzia alikuwa ameifungua muda huohuo. Na ya tatu, ua jekundu... chini yake hapakuandikwa kitu.

"Hii ya tatu umeiweka wewe?"

"Siyo mimi."

Hakuwa akidanganya. Na hilo ndilo lililomsimamisha nywele.

Severini hakugusa kitu. Ua likajifungua lenyewe. Ikatokea picha ya harusi, bibi harusi peke yake, anacheka. Mahali pa bwana harusi palikuwa peusi.

"Niliifuta hii," Severini akanong'ona. "Niliifuta siku ileile ya mazishi."

"Ulikuwa na haraka, shemeji."

Jenereta likakata. Taa ikazimika. Feni ikapunguza mzunguko, ikasimama.

Kioo hakikuzimika.

Kisha harufu ikaja. Kwanza kidogo, kama kiberiti kilichowashwa chumba cha pili. Kisha nzito, ya kuchoma macho, ya kukaba koo.

Salfa.

Severini akarukia mlango. Akausukuma. Akaupiga bega.

"Fungua, shemeji."

"Sijafunga."

Mlango ule haukuwa hata na kitasa. Ulikuwa wa kusukuma tu, na mchana kutwa kuku walikuwa wakiingia na kutoka. Fauzia alikuja na kisasi chake kidogo, cha maneno, cha kumtia aibu mtu mbele ya mashine yake. Kilichokuwa chumbani sasa hakikuwa cha kwake.

Severini akakohoa. Akakohoa tena, akajishika kifua. Ajabu ni kwamba Fauzia alikuwa akipumua vizuri. Macho yalimwasha, basi.

"Mwite wewe," Severini akasema kwa shida. "Wewe ni damu yake. Mwambie aniache."

"Tumemwita miaka miwili. Kwetu haitiki."

"Shemeji... nakufa."

"Naye alisema hivyo?"

Severini akateleza kwenye ubao wa mlango mpaka magotini.

Fauzia angeweza kumhurumia. Angeweza kupiga kelele, majirani wakaja na shoka. Akilini akamwona mama yake pale chini mkekani, uso umegeukia ukutani. Akabana midomo.

Upande wa pili wa mlango, mtu akasogea. Hatua laini, za miguu mitupu. Zikafika kizingitini, zikasimama, kama anayesikiliza.

Severini akaweka paji la uso kwenye ubao. Pumzi ilikuwa imebaki kidogo, ya neno moja tu.

"Mwantumu," akasema.