Nirudishie Zawadi Yangu

Pezi la mpira lilimchapa msichana shavuni akiwa katikati ya ngazi za umeme, katika jengo la maduka lililofurika watu waliotoka kazini. Aligeuka amefura, gauni lake la njano likipepea. Nyuma yake alisimama kijana mrefu, mabega mapana, mgongoni begi lililoshindwa kufungika kwa wingi wa vitu.

"Wee kaka! Unatembea na makasia?"

"Nisamehe, dada yangu. Ni mapezi ya kuogelea. Mimi mzamiaji."

"Mapezi nayajua sana. Mimi ndiye ninayetengeneza vifaa vyenu mkishaviharibu."

Kijana akaangua kicheko. "Kumbe nimempiga mtu wa nyumbani!"

Walipofika juu, hakuna aliyekumbuka alikuwa anakwenda duka gani. Tangu siku hiyo kijana akamwita msichana Fundi, naye mwenyewe akaitwa Samaki, na majina waliyopewa na wazazi yakabaki kwenye vitambulisho.

Samaki alikuwa akizama chini ya meli kusugua matumbo yake na kukagua mapanga yanayozisukuma. Kila mchana, Fundi akiwa kwenye meza yake nyuma ya duka la vifaa vya kuzamia, simu ililia.

"Samaki, umekula?"

"Nimekula sauti yako. Shibe bado."

"Muone! Kaoshe kinywa, una chumvi mpaka kwenye maneno."

Siku ya kuzaliwa ya Samaki, Fundi alimchagulia zawadi kwa mkono wake mwenyewe: regulata mpya, kile kifaa cha mdomoni kinachomletea mzamiaji hewa kutoka kwenye mtungi. Samaki aliikumbatia kama mtoto mchanga. Alipokwenda kumsalimia mama yake, aliibeba akamwonyeshe.

Kisha asubuhi moja mteja akaleta regulata ya aina ile ile, akilalamika kwamba imemkatia hewa bwawani. Fundi akaifunga kwenye mashine ya kupimia. Ikatoa hewa vizuri, ikatoa tena, halafu ikagoma ghafla, kimya, kama mtu aliyezibwa pua. Akachukua nyingine mpya rafuni. Nayo ikagoma. Akaikumbuka ya Samaki.

Bosi wake alipoona, jasho lilimtoka. "Nawaandikia kiwandani sasa hivi. Lakini usimwambie mtu mpaka wajibu. Tukikosea, duka linakufa."

Fundi akakimbilia stoo, akapiga simu.

"Samaki, mpenzi, naomba unirudishie ile regulata."

"Ile uliyonipa?"

"Ndiyo. Leo."

"Kwa nini?"

"Siwezi kukwambia sasa. Nirudishie tu, tafadhali."

"Haya, nimekuelewa." Sauti yake ilikuwa imepoa kama maji ya mtungini. "Mtu akidai zawadi zake, maana yake inajulikana. Si ungesema tu umepata mwingine?"

"Mwingine gani? Samaki, nisikilize—"

"Hupati kitu. Nitaizamia mpaka ichakae."

Simu ikakatwa. Akapiga tena, haikupokelewa. Machozi yakamlenga, si kwa ajili ya mapenzi tu. Akampigia dada yake Samaki.

"Wifi, kaka yako yuko wapi?"

"Bandarini, wifi yangu. Katoka hapa amevimba uso. Kasema anashuka majini leo hii hii. Mmefanyana nini?"

Fundi alivua aproni, akapita mbele ya bosi. "Naenda kumwambia. Ukinifukuza, nifukuze nikirudi."

Bosi akamrushia funguo za gari la duka.

Gatini, msimamizi wa wazamiaji alikuwa ameshika kamba iliyoingia majini kando ya meli kubwa yenye kutu. Povu lilikuwa likichemka juu ya maji. Fundi alifika viatu mkononi, nywele zimetimka.

"Mtoe! Kifaa chake kibovu, mtoe!"

"Wewe nani, mama?"

"Fundi wa kifaa hicho! Vuta kamba!"

Msimamizi alimtazama machoni. Akavuta kamba kwa ishara ya kuita juu. Wakangoja. Povu likapungua, likawa vipovu vichache, likatulia. Fundi akashika nguzo ya chuma.

Kichwa kikaibuka kando ya ngazi ya gati. Samaki akatema regulata, akavuta pumzi, macho yamemwiva.

"Umenifuata mpaka kazini kudai zawadi?"

Fundi alipiga magoti, akamnyang'anya kifaa, akakitia mdomoni mwake mwenyewe mbele ya watu wote. Akavuta: hewa ikaja. Akavuta tena: ikaja. Safari ya tatu mashavu yakaingia ndani, kifua kikagoma kupanda. Akakitoa, akamwekea Samaki mdomoni.

Samaki akavuta. Hakuna kitu.

Rangi ikamtoka usoni. "Nilikuwa naelekea kwenye panga la meli," alisema taratibu. "Chini kabisa, ndani ya giza."

"Ndiyo maana nilikuwa naidai, mjinga wewe! Mwingine nimtoe wapi, wakati wewe mmoja tu unanitoa roho?"

Samaki akapanda ngazi, akamkumbatia na maji yake yote. Gauni likalowa chapachapa. Walicheka, wakalia, wakacheka tena, na msimamizi akajifanya anakunja kamba.

Kesho yake kiwanda kilitoa tangazo: regulata zote za aina ile zirudishwe madukani mara moja. Bosi mwenyewe alishika simu kuwaita wateja, mmoja baada ya mwingine, na hakumfukuza mtu. Foleni ikafika mlangoni. Samaki alisimama humo kama wengine, shati limepigwa pasi, mpaka zamu yake ikafika.

"Nimekuja kurudisha zawadi," alisema.

"Asante, bwana. Tukupe nyingine au tukurudishie pesa?"

"Vyote sitaki. Nataka anioe fundi."

"Mwanamke haoi, Samaki."

"Basi aolewe. Na mimi. Akikubali."

Fundi aliichukua ile regulata mbovu, akaitupa kwenye boksi la mbovu wenzake, akafuta mikono kwenye aproni.

"Nimekubali," alisema. "Sasa sogea pembeni, roho yangu, kuna watu nyuma yako wanataka kupumua."